Kaseti Niliyoiziba Vijino

Ndani ya sanduku letu la bati kulikuwa na kaseti arobaini na moja. Mke wangu alikuwa akiitaka moja tu, na hiyo haikuwamo. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ilipo.

Mambo yalianza pale redio kaseti yetu ilipozeeka ikawa inavuta mikanda na kuikunja kama tambi. Binti yetu, ambaye ni mwalimu Bukoba mjini, akasema basi, atatufungia maktaba ya muziki hapa hapa nyumbani. Ijumaa moja akaja kwetu Nshamba na boksi. Humo mlikuwa na kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni ya kufulia, diski ya kuhifadhia, ruta ya intaneti yenye laini yake, na spika mbili, ya sebuleni na ya jikoni. Nyimbo za kwenye kaseti tungezihamishia kwenye diski, zikae humo hata bando likiisha. Zile tusizo nazo tungezisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni. Vyote hivyo vingeongozwa kwa simu.

Mke wangu alimsikiliza huku akimenya ndizi.

"Hiyo diski yako," akasema, "itaweza kunirudishia mama?"

Alimaanisha kaseti ya siku tuliyomchukua kwao, Kaagya. Kaka yake aliweka redio dirishani akarekodi wanawake wakimuaga bibi harusi, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alifariki miaka michache baadaye. Picha zake zipo mbili, na zote amenuna, kwa sababu zamani mtu hakucheka mbele ya kamera.

"Tata anasema redio iliitafuna," binti akasema; Tata ndiye mimi, baba yake.

"Iliitafuna," nikajibu.

Ndivyo nilivyosema tena uongo niliousema nikiwa kijana, safari hii nikiwa na mvi kichwa kizima.

Ukweli ni huu. Siku moja kulikuwa na mechi kubwa redioni na mimi nilikuwa na safari ya kijijini Ngenge. Nilitaka mechi irekodiwe niisikilize nikirudi, na kaseti tupu sikuwa nayo. Ile ya Kaagya shemeji alikuwa ameivunja vile vijino viwili vya juu, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Nami nilijua maana yake. Nikachana karatasi ya pakiti ya sigara, nikaviziba vile vishimo, nikabonyeza kitufe na kuondoka. Siwezi kusema nilikosea kaseti. Aliyekosea kaseti hatafuti karatasi ya kuziba.

Niliporudi niliicheza kidogo, nikasikia mtangazaji mahali palipokuwa na mama mkwe, nikaizima. Sikuthubutu kuicheza tena. Niliificha kwenye mfuko wa koti langu la harusi, ambalo kwa tumbo nililoota hakuna hatari ya kulivaa.

Jumamosi tukafanya kazi. Rafu niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mti wa msizi, na ninajisifu kwa hilo. Binti aliunganisha redio ya kuazima na kompyuta kwa waya, na kaseti zikaanza kuingia moja moja. Hazina njia ya mkato. Kaseti ya saa nzima inachukua saa nzima, kwa hiyo tulikuwa tukizisikiliza zinavyoingia. Kila moja aliipa jina, mwimbaji na mwaka, na pale ambapo hatukujua mwaka mke wangu alisema, "Andika mwaka wa yule mbuzi aliyekula pazia."

Ila spika ya jikoni ilikataa kabisa. Binti akahangaika na simu mpaka akatoka jasho. Mwisho akauliza, "Tata, ruta umeiweka wapi?"

"Nimeihifadhi. Radi za huku unazijua."

"Wapi?"

Nilikuwa nimeichomeka umeme kisha nikaifungia ndani ya lile sanduku la bati. Mke wangu alicheka akashika ukuta. "Umeifunga jela, halafu unataka iongee na jikoni!" Ruta ikahamia dirishani, na mara ile spika ya jikoni ikalia. Binti akatafuta mtandaoni muziki wa dansi wa enzi zetu, na mama yake akaacha kisu, akacheza na sufuria mkononi. Nami nikaingia. Magoti yalilalamika lakini hakuna aliyeyasikiliza.

Wimbo ulipoisha akajifuta macho na kanga. "Kasinge waitu," akamshukuru mwanawe kwa Kihaya. Kisha akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Ingekuwepo na ile ya mama, nisingeomba kitu kingine."

Nilisimama pale nikihema. Nikaona nikiiacha saa hii inipite, nitazikwa na kaseti ile mfukoni, maana koti hilo ndilo watakalonivalisha, hata kwa kulipasua mgongoni. Nikaenda chumbani nikaileta. Nikaiweka kando ya maganda ya ndizi na kusema yote: mechi, Ngenge, karatasi ya sigara. Na kwamba redio haikutafuna kitu.

Aliichukua, akaitazama ile karatasi iliyobanwa kwenye vishimo. Akarudi kumenya. Alimenya ndizi tatu. Binti alitazama chini.

"Nani alishinda?" mke wangu akauliza.

"Nini?"

"Huo mpira. Nani alishinda?"

"Tulifungwa."

Kisu kikamtoka mkononi. "Yaani umenizikia mama yangu chini ya mpira, na mkafungwa!" Akaangua kicheko, na ndani ya kicheko kulikuwa na kilio pia, nilikisikia. Nikasema, "Nisamehe, waitu." Akasema, "Nyamaza kwanza. Nitakujibu nikimaliza kucheka."

Binti alikuwa ameshaipeleka kaseti kwenye redio. "Tuiingize hivyo hivyo," akasema. "Ni ya kwetu."

Tukakaa sebuleni, watu watatu wazima, tukisikiliza mechi ya miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Baada ya muda mtangazaji akaanza kuharakisha. Akaharakisha zaidi, sauti ikapanda, mwisho akawa analia kama kifaranga. Binti akaishiwa nguvu kwa kucheka. Mimi ndiye niliyeelewa kwanza.

"Betri!" nikasema. "Zilikuwa zinaisha. Mkanda ulikwenda polepole ukirekodi, ndiyo maana sasa anakimbia."

Kifaranga akalia mara ya mwisho. Kikasikika kishindo kidogo, *tak*: hapo ndipo betri zilipokufa. Halafu ngoma, vigelegele, na juu ya vyote sauti nene ya mwanamke ikiongoza kwa Kihaya, na wengine wakiitikia.

Mke wangu alisimama. Akaisogelea spika.

Katikati ya wimbo mama mkwe akakatiza, akawaambia wenzake: "Mmemwona huyo mkwe? Anatembea kama amekanyaga siafu! Mwanangu, ukichoka naye urudi, kitanda chako sikitoi." Wanawake wakalipuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko kirefu chenye mkwaruzo, ambacho hakimo kwenye picha zile mbili. Kisha mkanda ukaisha. Hazikufika dakika sita.

"Kipo bado, mama?" mke wangu akaiuliza spika. "Hicho kitanda?"

Tuliirudia mara nne. Binti akafungua simu ayapange majina. "Nikate mpira, nibakize ya bibi tu?"

"Usikate," mama yake akasema. "Kila baba yako akitaka kumsikia mkwewe, aanze na kufungwa."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kwenye maktaba yetu imeandikwa *Mama, baada ya mpira*. Binti alinionyesha jinsi ya kurusha mbele kwa kidole, lakini mimi sirushi. Asubuhi ninaiwasha, ninakaa, ninafungwa tena. Mtangazaji akianza tu kuwa kifaranga, jikoni kisu kinanyamaza.