Ukuta wa Mashine ya Swalehe

Mektilda Haule ameandika mabango mjini Songea kwa miaka ishirini na mitatu. Ukipita mtaa wa Msamala, maduka mengi utakayoyaona yamepita mkononi mwake: la mbolea na dawa za mifugo, la fundi cherehani, hata lile onyo la "Usikojoe Hapa" nyuma ya soko. Ni mwanamke mfupi, viganja vimekakamaa kwa rangi na mafuta ya taa, na hasira yake inajulikana mtaa mzima. Kuna mwenye saluni aliwahi kumwambia amng'arishe kidogo yule mwanamke wa kwenye bango, awe mweupe, wateja wavutike. Mektilda alimpaka yule mwanamke rangi nyeusi tii kuanzia utosini hadi shingoni, akachukua makopo yake, akaenda zake. Bango lile lilikaa hivyo mwaka mzima.

Lakini hasira ya saluni ilikuwa moto wa mabua. Hii ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya gogo.

Ilianza pale parokia ya kijijini kwao, upande wa Namtumbo, ilipojiandaa kwa jubilei. Misheni ile ilijengwa na mapadri wa Kijerumani, na sasa kamati ilitaka ukuta mrefu wa ukumbi uchorwe historia yake yote. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Bartolomeo, mwalimu mkuu mstaafu, alimfuata Mektilda mjini mwenyewe.

"Wewe ni mtoto wetu," alimwambia. "Unaimba kwaya, sala unazijua. Kazi hii tusimpe mgeni."

Akamkabidhi bahasha yenye nakala ya picha ya zamani ili aifuate. Katika picha hiyo padri amesimama na kofia yake pana, kitabu mkononi. Nyuma yake kuna msururu wa vijana na wanawake waliobeba matofali kichwani, na mbele yao kijana mmoja amepiga magoti. Chini mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Wenyeji wakipokea nuru."

Mektilda aliiangalia mara moja, akataka kuirudisha kwenye bahasha. Mkono ukakataa. Kijana aliyepiga magoti hakuwa na sikio la kushoto.

Bibi yake, Severina, aliyefariki Mektilda akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa akimsimulia mara kwa mara habari za baba yake yeye bibi, aliyeitwa Mbonani. Sikio la Mbonani lilikatwa na askari wakati wa vita vya Majimaji, siku nyumba yao ilipochomwa. Baba yake Mbonani alinyongwa Songea pamoja na wenzake. Kisha likaja lile lililoua wengi kuliko risasi: ghala zikateketezwa, mashamba yakafyekwa, watu wakala mizizi, na mizizi ilipokwisha wakafa njiani. Misheni ilikuwa na mtama. Aliyetaka mtama alibeba matofali, na aliyetaka kuendelea kuupata alibatizwa.

"Baba yangu hakufuata msalaba," bibi alikuwa akisema, akitema mate pembeni. "Alifuata mtama. Msalaba aliukuta mlangoni."

Mektilda alimwuliza Mzee Bartolomeo, taratibu kabisa, kama kamati inamjua yule kijana wa kwenye picha.

"Ah, mwenyeji tu," alijibu. "Huyo mchore vyovyote. Ila nyuma weka giza, kisha mwanga utoke upande wa padri."

Mwenyeji tu. Mektilda alisema sawa, atachora. Alipobaki peke yake alishindwa hata kufungua kopo la rangi.

Kesho yake alikwenda kijijini kwa Mzee Fidelisi, katekista mstaafu wa miaka themanini na minne. Alimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuchora watakatifu?"

Alimwonyesha picha, akamwambia sikio lile ni la nani. Mzee Fidelisi aliishika karibu na macho kwa muda mrefu. Mektilda alitegemea atakanusha, kwa maana ni huyuhuyu aliyemfundisha utotoni kwamba mababu zao walikuwa wauaji waliochoma nyumba ya Mungu, na mapadri wakawasamehe. Badala yake mzee aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Nilipokuwa nasaidia ofisini nilikuwa nakifungua kile kitabu cha ubatizo," alisema. "Mwaka wa kabla ya njaa, watu tisa. Mwaka wa njaa, mia mbili na kumi na wanne. Nikayanakili majina yao ya kwanza, yale waliyopewa na mama zao, kwa sababu niliona wino unafifia. Halafu Jumapili nikasimama mbele ya watoto nikawafundisha kwamba ni Roho Mtakatifu aliyewashukia." Aliketi tena, akachukua hindi lingine. "Miaka arobaini, mjukuu wangu. Nimewafundisha watoto kuwaonea aibu babu zao. Hata wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkate wangu ulikuwa pale."

Mektilda alitaka kumfokea. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kulia, analia huku anapukuchua mahindi, na huwezi kumpiga mtu aliyekwisha kujipiga. Alichukua daftari akatoka.

Rangi za dukani hakuzitumia. Aliwaambia wanawake wa kijiji walete walicho nacho, wakaleta: udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe wa mtoni, mkaa uliotwangwa, majivu. Kila aliyeleta udongo alileta na neno. Mmoja alisema msitu ambamo watu walikuwa wakitambikia mahoka, yaani mizimu ya wazee wao, ulikatwa wote ukawa mbao za paa la kanisa. Mwingine alisema nyanya yake alichapwa viboko kwa sababu ya kucheza ngoma kwenye msiba wa mwanawe mwenyewe. Hawakubishana sana. Walishangaa tu kwamba kila nyumba ilikuwa na kipande chake, na kwamba vipande vilikuwa vikisemwa jikoni, milango imefungwa.

Kwa wiki mbili walichora pamoja. Hata wasiowahi kushika brashi walichovya vidole. Padri alikuwepo ukutani, na kitabu chake, na kofia yake. Mektilda hakumpa pembe wala mkia. Lakini hakuwa katikati. Katikati kulikuwa na mti wa kunyongea, na ghala linaloungua, na msururu wa wabeba matofali, na Mbonani amepiga magoti mbele ya kikapu cha mtama, macho yake yakimtazama anayemtazama. Chini kabisa, kwa mwandiko ule uliozoeleka kwenye mabango ya Msamala, yalianza kuandikwa majina kutoka kwenye daftari.

Walikuwa wamefika jina la themanini na moja Mzee Bartolomeo alipokuja na wajumbe wake wawili.

Alisimama. Alisoma. Shingo ilimvimba.

"Mektilda, hiki ni nini?"

"Historia, baba. Mliagiza historia."

"Mgeni rasmi anakuja Jumapili! Wageni wanatoka Ulaya! Unataka waje waone watu wananyongwa kwenye ukumbi wa kanisa?"

"Walinyongwa wapi? Ulaya?"

"Usinijibu hivyo. Nani alikusomesha wewe? Shule ya nani? Mama yako alijifungulia hospitali ya nani?"

"Shule ile matofali yake alibeba baba wa bibi yangu, na shingo yake haikunyooka tena mpaka anakufa," Mektilda alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, wanawake wameacha kazi. "Sala yangu naipenda, Mzee Bartolomeo. Siwezi kuiacha na sitaki. Lakini msinilazimishe kusali juu ya uongo. Mmemwita mwenyeji tu. Ana jina! Soma, hilo hapo, la tatu kutoka juu!"

Mzee Bartolomeo hakusoma. Alisema ukuta ni mali ya parokia, akaondoka.

Jumamosi asubuhi Mektilda aliposhuka kwenye bodaboda, aliona ndoo za chokaa. Nusu ya ukuta ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Alikimbia, akasukuma mtu na ngazi yake, akaanza kuifuta ile chokaa mbichi kwa kitenge chake. Hapo ndipo palipomchoma. Chokaa ilitoka, lakini udongo nao ulitoka. Kila alipovuta kitenge, uso mmoja uliondoka nacho. Alimfuta mama aliyebeba tofali. Alifuta ghala. Alipofika kwa Mbonani alisimama, akaiweka mikono yake nyuma kama mtu aliyefungwa kamba, akatazama vijana wa kamati wakimalizia.

Barabarani, mbele ya kanisa, kuna mashine ya kusaga ya Swalehe, Myao wa Nalasi aliyehamia pale zamani kwa kumfuata mke. Swalehe aliyaona yote akiwa mlangoni kwake, vumbi la unga hadi kwenye kope. Alimletea Mektilda maji ya kunawa, maana chokaa ilikuwa imeanza kumla ngozi.

"Dada Mektilda, pole," alisema. "Mimi nina ukuta."

"Utagombana nao, kaka Swalehe. Watasema Mwislamu anawachokonoa Wakristo."

"Watasema. Lakini ile njaa haikuuliza mtu anasali wapi. Hata kwetu Nalasi wazee wamezikwa nayo. Na ukuta wa mashine hauna kamati, alhamdulillahi. Una mimi na deni la kusema kweli mbele ya Mola wangu, basi."

Safari hii Mektilda hakutaka udongo. Alipiga simu Msamala, zikaja rangi zake za mafuta, zile za mabango, ambazo mvua za masika na jua la kiangazi haziziwezi. Wanawake walewale wakavuka barabara. Mzee Fidelisi aliletwa na mkongojo wake, akawekewa kiti, akawa anasoma majina kwa sauti na Mektilda anaandika. Walifanya kazi Jumamosi nzima, mashine imezimwa, watu wamepanga madebe yao ya mahindi wakisubiri bila kulalamika. Mti wa kunyongea ulisimama tena. Mbonani akapiga magoti tena, mkubwa kuliko mwanzo, sikio moja.

Jumapili maandamano ya jubilei yakapita hapo, kwa kuwa barabara ni moja. Kwaya ilikuwa mbele, wakiimba. Walipofika kwenye mashine sauti za nyuma zikaanza kupungua, maana watu walikuwa wanasoma, na mtu hawezi kuimba huku anatafuta jina la babu yake. Mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari, akaweka kidole ukutani. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri. Mzee Bartolomeo alikuwa anapunga mkono watu watembee, watembee.

Paroko, Padri Remmy, kijana aliyepata upadri miaka sita tu iliyopita, alisimama mbele ya Mektilda.

"Haya majina umeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu chenu, padri. Kiko ofisini kwako. Hujakifungua?"

Padri akawafuata wageni wake.

Malipo hayakukawia. Mektilda aliambiwa apumzike kwaya, kwa muda usiotajwa. Mzee Fidelisi aliambiwa asikanyage tena ofisi ya parokia. Baadhi ya watu walianza kupeleka mahindi yao kusaga kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima, ili wasipite kwa Swalehe. Swalehe alisema Mungu ndiye mwenye kugawa riziki, ingawa siku mbili tatu alionekana amekaa kimya mlangoni kuliko kawaida yake.

Lakini wengine walianza kuja. Ukoo mmoja ulikuja kutoka upande wa pili wa Namtumbo kwa gari la kukodi, watu kumi na mmoja, wakiuliza kama na wao wanaweza kuandikiwa wa kwao. Mzee wao alisema babu yao aliambiwa hadi kufa kwamba ni mshenzi aliyesamehewa. Aligusa jina lilipokwisha kuandikwa, akamwambia Mektilda, "Alisamehewa nini?" Mektilda alichovya brashi, akakoleza herufi alizozigusa mzee, mashine ikinguruma nyuma ya ukuta.

Miezi mitatu baadaye Padri Remmy alikuja Msamala. Alimkuta Mektilda juu ya ngazi, anaandika bango la duka la vipuri. Alimwamkia kwa heshima, akamwita mama. Alisema amekifungua kile kitabu. Alisema amekisoma usiku kucha na hakulala vizuri. Kamati imekubali, alisema, ukuta mmoja mdogo ndani ya ukumbi uchorwe, na wabeba matofali wawepo, na mtama uwepo.

"Na mti wa kunyongea?"

Padri alitazama chini. "Wameomba huo tuuache kwanza, mama. Tuwaingize watu polepole."

"Miaka mia na zaidi," Mektilda alisema, "bado polepole?"

"Ninajitahidi, mama."

Mektilda aliona kwamba anajitahidi kweli. Aliona pia kwamba hasira yake haijapungua hata tone, na hakuona sababu ya kuipunguza ili kijana huyu arudi nyumbani na moyo mwepesi.

"Waambie hapana," alisema. "Wakiutaka mti, nitakuja bure. Bila mti, wamtafute mwingine wa kuwachorea giza na nuru."

Padri akaaga. Mektilda alimalizia herufi mbili zilizobaki, akashuka, akakagua makopo yake. Nyeusi ilikuwa imebaki kidogo sana, na kwenye daftari la Mzee Fidelisi bado kulikuwa na majina tisini na saba ambayo hayajaandikwa ukutani kwa Swalehe. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda dukani kununua nyingine.