Maiti Aliyekataa Udongo

Garufalia alishuka basi karibu na lango la mji wa Mesolongi, Ugiriki, mkoba kaubana kwapani. Mji huu kila mwaka huwalilia wanawake wake wa kale waliouawa wakiikimbia njaa na mizinga. Yeye aliyefukuzwa mchana kweupe, hakuna aliyemtilia chozi.

Wangwa ulikuwa vilevile: maji bapa, vibanda vya wavuvi juu ya miguu ya miti, harufu ya chumvi na mayai ya mkizi yanayokaushwa. Hakugeuka kuutazama. Alikwenda moja kwa moja makaburini.

Kaburi la mumewe, Anestis, lilikuwa wazi. Walikuwa wamemfukua ili mifupa ioshwe kwa divai na kuwekwa sandukuni, kama ilivyo ada, wakamkuta hajaoza. Na maiti asiyeoza, kila mtu anajua, ameshikwa na kinyongo cha mtu ambaye yeye alimdhulumu. Ndipo wakamkumbuka mjane wake waliyemfukuza, wakamwita.

“Umechelewa,” alisema mama mkwe, Bi Pagona, chupa ya divai mkononi.

“Kuondoka mlinikimbiza, mama. Kurudi nimengoja basi.”

Mwanamke mmoja kati ya waliokusanyika alicheka, akaziba mdomo kwa shela.

“Usituletee maneno. Sema umemsamehe, padri amfukie tena, naye apate kuoza.”

“Nimsamehe nini?”

Bi Pagona aliitazama chupa yake. Mji mzima uliamini kwamba Garufalia ndiye aliyeiba fedha ya nadhiri iliyotundikwa na wagonjwa kwenye picha ya Bikira Maria kanisani. Kumbe aliyeiba ni Anestis, akaichezea karata, kisha akamsingizia mkewe. Na Bi Pagona alikuwa amemwona.

“Nimsamehe nini, mama? Sema, hawa wasikie.”

“Unataka kunivua nguo uzeeni!”

“Mimi mlinivua ningali kijana. Baridi yake naijua.”

“Mwanangu,” padri alisihi, “mhurumie marehemu.”

“Marehemu ana mama yake, baba padri. Amhurumie yeye.”

Akageuka, akaanza kuondoka. Kokoto zililia chini ya viatu vyake. Alifika kwenye miberoshi, hakuna aliyemwita. Akashika komeo la geti.

“Ni yeye!” Sauti ya Bi Pagona ilipasuka. “Anestis ndiye mwizi! Nilimwona kwa macho yangu nikanyamaza. Ningefanyaje? Nilimzaa mimi!”

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Yule aliyecheka akainamisha kichwa.

Garufalia alirudi. Miaka yote alidhani siku hiyo atapiga vigelegele. Badala yake aliichukua chupa ya Bi Pagona, akapiga magoti ukingoni, akamimina divai juu ya kifua kile kikavu, cheusi.

“Nimekusamehe, Anestis. Haya, oza, mume wangu. Pumzika.”

Padri akaanza kuomba, udongo ukaanza kurudi shimoni. Bi Pagona akamshika Garufalia mkono wa gauni.

“Na mimi, mwanangu?”

Garufalia aliutoa mkono wa mkwewe, taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Wewe hujafa bado, mama.”

Akaenda kungoja basi.