Nguzo Nyembamba ya Baraza Letu

Ilianza Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2017, saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za baraza letu, mtaa wa Bellevue, namenya viazi. Saa tisa wakwe wa yaya, dada yangu mkubwa, walikuwa waje kutoka Rosettenville, upande mwingine wa jiji, kuleta mahari. Baba mdogo akatoka na grenda ya kukatia chuma aliyoileta kutoka Jeppestown, kwenye karakana anakochomelea mageti, akapitisha waya dirishani na kusema, "Hii nguzo ya katikati ndiyo inatusumbua. Naitoa."

Kwetu, siku ya mahari bibi harusi hatoki peke yake. Mashangazi wanamfunika pamoja na wasichana wengine chini ya kitenge kimoja kirefu, wanatoka bega kwa bega, na wakwe wanakisia yupi ni wao. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa kufunikwa, na niliipenda kazi hiyo kwa sababu humo ndani hakuna anayekuona uso. Ila baraza lina nguzo tatu za chuma, na ile ya katikati ilisimama mbele ya mlango kabisa. Tulipofanya mazoezi Ijumaa, kitenge kilinasa kila tulipojaribu. Upande wangu ulikwenda kushoto, wa yaya kulia, shangazi akacheka hadi akakaa chini.

"Si inashika paa?" mama aliuliza kutoka ndani. Hakuinua macho kwenye cherehani, alikuwa anamalizia mkono wa gauni.

"Hii? Angalia unene wake, ni kama mkono wangu. Na maua iko nayo. Wazungu wa zamani walipenda urembo tu. Nguzo ya kubeba nyumba ni ya matofali, ukiikumbatia vidole havikutani."

Baba akaitikia kwa kichwa. Huko Uvira walikokulia nyumba zote walizozijua zilisimama hivyo. Chuma kilikuwa cha geti na dirisha.

Nikaacha kumenya. Wiki ile ile nilikuwa nimesoma mbele ya darasa kazi yangu juu ya msanifu majengo mmoja wa Ufaransa, wa zamani sana, aliyejenga maktaba kule Paris. Katikati ya ukumbi alisimamisha safu ya nguzo za chuma, nyembamba kama miguu ya korongo, zenye mapambo, na paa lote likakaa juu yake. Wengine walikuwa wanaficha chuma ndani ya mawe, yeye akakiacha kionekane. Nilisoma kwa sauti ndogo hadi mwalimu akasogeza kiti chake karibu. Lakini nilichosoma nilikielewa, kwa sababu kila nilipotazama ile picha niliona baraza letu.

Nilisema. Hilo nataka liwe limeandikwa mahali. Nilisema, "Baba mdogo, nadhani hiyo inabeba."

"Unasema?"

"Inabeba paa. Chuma hakihitaji unene. Kuna Mfaransa mmoja..."

Akamgeukia baba. "Kaka, mutoto wako ameleta Mufaransa kwenye mahari. Atakuja na mbuzi ngapi?"

Wakacheka wote, hata yaya dirishani, rola zimejaa kichwani. Nilibeba beseni langu hadi mwisho wa uwanja, karibu na geti, nikawaita watoto wa wapangaji waliokuwa wanapuliza baluni pale chini ya paa waje wanisaidie viazi. Hicho tu ndicho nilichoweza.

Grenda ililia, cheche zikaruka. Ilipopita nusu ya nguzo ikanyamaza ghafla. Baba mdogo akavuta, haikutoka. Akavuta tena. Ule mkato alioufungua mwenyewe ulikuwa umejifunga, umeing'ang'ania diski ya grenda.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kila fundi wa kuchomelea anajua kwamba mkato haujifungi wenyewe, unafungwa na uzito ulio juu. Aliinua kichwa polepole, na sisi tukainua. Boriti ikatoa sauti, wala si kubwa, kama ya mtu anayekaa kwenye kitanda chakavu. Nguzo ikapasuka pale palipobaki, na paa likashuka kama upana wa kiganja, halafu likatulia, limeegemea vipande viwili vilivyopishana. Kutu nyekundu ikamwagikia kitambaa cheupe cha meza ya wakwe iliyoandaliwa pale barazani.

"Tokeni kwa mlango wa nyuma," baba mdogo alisema kwa wale wa ndani. Hakupaza sauti. "Huku mbele asipite mtu."

Hakuna aliyeumia. Fundi magari wa ng'ambo ya barabara alikuja na jeki na magogo mawili. Akasema eish, kama wanavyoshangaa watu wa huku, akaangalia tena, akasema eish. Wakaliegemeza paa, meza ikahamia uwanjani. Wakwe walipofika tulitokea kwenye ujia wa pembeni, palipo na mapipa ya taka.

"Kwenu bibi harusi anatokea jikoni?" mzee wao akauliza.

"Ndiyo, baba," shangazi akajibu, "ili mjue anapika."

Vigelegele vikapigwa. Chini ya kitenge kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nywele. Yaya alinishika mkono. "Tungekuwa tumesimama pale pale," alininong'oneza. "Mimi na wewe, wanatukisia." Miguu yangu ilitetemeka, kitenge kikatetemeka nayo, na ndiyo maana bwana harusi akaja moja kwa moja kwangu, akidhani anayetetemeka hivyo ni mchumba wake. Wakanifunua mbele ya watu wote. Sikuona haya hata kidogo. Hilo nalo lilinishtua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, nilichukua chaki ya mama ya kuchorea nguo nikaenda mbele ya nyumba. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya ndoo, anaangalia yale magogo. Alinitazama. Kwenye nguzo mbili zilizobaki niliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kizulu, kwamba inabeba, isikatwe.

"Andika na upande huu," akasema, "wa barabarani."

Nikaandika.