Ghala Lililoungua Bila Harufu

Bibi yangu Swaumu, mzaa baba, alifungwa kwa sababu ya kijinga cha moto. Naanzia hapo makusudi. Watu wa kwetu Kang'ata, Handeni, wanapenda kuanzia kwenye ghala, na wakianzia huko bibi anakuwa mhalifu kabla hujamjua ni nani.

Enzi zile viberiti vilikuwa adimu. Moto ukizimika jikoni unakwenda kuomba kwa jirani, unapewa kijinga, unarudi unakipungapunga kisizime. Bibi alikwenda kuomba moto, akapita kando ya ghala la kijiji lililokuwa chini ya shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, Jumbe Mdoe. Kabla jua halijazama ghala likawaka. Ulikuwa mwaka wa njaa, hamsini na tatu, na mahindi ya watu wote tuliambiwa yalikuwa humo. Tena wiki ile ile bibi alikuwa amemsema Jumbe hadharani, kwa nini hagawi chakula na watu wanakula mizizi. Basi, wakaona ushahidi umetosha. Miaka sita. Akatembezwa kwa miguu hadi Korogwe, akapandishwa garimoshi, akapelekwa jela ya mbali, na amri juu yake: akitoka asikanyage tena Handeni. Alikuwa mjane. Nyuma aliacha mtoto wa miaka minne, Isihaka. Huyo ndiye baba yangu.

Baba akalelewa nyumbani kwa Mdoe, wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Aliambiwa mama yake kafia jela. Akivunja hata kibuyu: "Mtoto wa mchoma ghala huyo!" Lakini kilichomla baba ni dua ya Shaabani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani ukoo wetu hukusanyika, mwalimu wa madrasa anasoma majina ya marehemu kutoka kwenye daftari, tunawaombea mmoja mmoja. Mdoe aliweka sharti: aliyeangamiza chakula cha watu hasomwi. Baba alikaa kwenye mkeka ule miaka zaidi ya sitini. Vichanga walioishi siku mbili wakisomwa, mama yake hamo. Mwaka juzi, siku chache kabla ya kufa, akanishika mkono. "Faudhia, mama yangu asomwe."

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kuuliza najua. Nilikwenda ofisi ya magereza kuuliza kama kweli bibi alifia huko, karani akaniambia niandike barua nisubiri majibu. Nikamwambia baba yangu kasubiri miaka sabini, naona inatosha kwa sisi wote. Nikatoka, nikafikiri kwa akili ya mwanamke. Tuseme hakufa, katoka jela, kwao hatakiwi, garimoshi linamshusha Korogwe, atakwenda wapi? Mahali ambapo mtu hakuulizwa alikotoka ni kwenye mashamba ya katani. Nikaenda Ngombezi, karibu na Korogwe, nikaanza kugonga mlango mmoja mmoja katika kambi za zamani za wafanyakazi.

Siku ya tatu nikamkuta Bibi Rosa anapepeta mchele. Baba yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, na binti akazeekea hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Namtafuta Mzigua mmoja, Swaumu, aliyetoka jela."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umechelewa. Tumemzika mwaka themanini na nane. Wewe nani wake?"

"Mjukuu. Mtoto wa Isihaka."

Akaweka ungo chini. "Isihaka gani? Isihaka alikufa kwa surua akiwa mdogo."

Hapo ndipo nilipokaa chini bila kukaribishwa. Bibi Rosa akanieleza. Swaumu alipotoka jela alivunja amri, akaenda kumfuata mwanawe. Mdoe akamkuta njiani, hata kijijini hajafika. Akamwambia mtoto keshakufa, na akipiga hatua moja zaidi anaitiwa askari. Akageuka. Miaka ishirini na tisa akaanika katani Ngombezi, jirani mwema, mkali wa maneno, hakuolewa tena. Kila Shaabani alipika uji, akaita watoto wa kambi, akamwombea marehemu mwanawe Isihaka. Na Isihaka yuko Kang'ata analima!

"Ule moto alikuwa akiusema?" nikauliza.

"Alikuwa anacheka, mwenzangu. Anasema, 'Rosa, wewe umeona wapi mahindi yanaungua bila kunukia bisi?'"

Nilirudi nyumbani na neno hilo, sikumwambia mtu. Nikasubiri Shaabani.

Mzee Sabiri, mtoto wa Mdoe, ndiye mkubwa wetu sasa. Amepita themanini. Tulipokusanyika nikamsogelea. "Shikamoo, baba mkubwa. Hebu wasimulie vijana ule moto, wasije wakasahau."

Akafurahi. Anaipenda hadithi hiyo kuliko chakula. "Nilikuwa na miaka minane. Njaa, tumbo limeshikana na mgongo! Asubuhi yake sisi watoto tukaenda kuchakura majivu, tupate hata punje zilizoungua. Wapi! Jivu jeupe, laini kama unga. Yule mwanamke alitumaliza."

"Hata punje moja?"

"Hata moja!"

"Na harufu ya bisi mliisikia?"

"Harufu gani?"

"Ya mahindi, baba mkubwa. Mimi nikiunguza hindi moja jikoni jirani anachungulia. Nyinyi mna njaa, ghala zima linaungua, hamkunusa?"

Nyuma ya pazia la wanawake shangazi yangu Ikram akapiga makofi. "Makubwa! Basi lilikuwa tupu!"

"Na ufunguo alikuwa nao nani?" nikauliza.

Kila mtu pale alijua: Jumbe mwenyewe. Nikamwaga yote, ya Ngombezi na ya surua. Kisha nikasema, "Sharti ni lenu. Aliyeangamiza chakula cha watu hasomwi. Leo tulifuate."

"Faudhia, mwanangu. Yule ni baba yangu."

"Na yule ni mama wa baba yangu."

Mwalimu Muhsin wa madrasa alikuwa ameshika kalamu na daftari, anamtazama mzee. "Andika," mzee akasema. "Swaumu."

"Binti nani?"

Kati yao hakuna aliyejua. Walikuwa wamemfuta hadi baba yake. "Binti Isihaka," nikasema. "Bibi Rosa kaniambia, alimpa mwanawe jina la baba yake mwenyewe."

Mwalimu akaandika. Kisha akaweka kidole kwenye jina la juu kabisa, Mdoe, akauliza kwa sauti ndogo, "Na hili?" Mzee Sabiri akafungua viganja, tayari kwa dua. Mwalimu akaanzia la pili.

Nilikula sahani mbili za pilau siku ile. Kuna walioninunia mpaka leo, eti nimemdhalilisha mzee. Wakitaka Mdoe asomwe tena, waende Ngombezi wakamwombe Swaumu radhi kaburini kwake. Bibi Rosa atawaonyesha kaburi. Chai nimemwambia asiwapikie.