Fundi wa magemu Kyela na fumbo la baba mkwe

Saa moja asubuhi, mjini Kyela, Felista Anyosisye (31) anafungua kibanda chake na mteja wa kwanza yuko mlangoni. Ni Hanifa, muuza vitenge wa duka la jirani, anataka gemu jipya la upelelezi. La zamani amelimaliza. Muuaji alikuwa mpishi, na Hanifa anadai alimshuku tangu mwanzo.

“Huyu ukimpa fumbo la kupanga rangi, kesho analirudisha,” anasema Felista akiunganisha simu kwenye kompyuta. “Yeye anataka umbea wenye ushahidi.”

Felista anauza kava na chaja, lakini kinachomlisha ni kupakulia watu magemu, shilingi mia tano kila moja. Kwanza humuuliza mteja anachezea wapi na kama ana bando. Bodaboda huwapa mafumbo, maana abiria akitokea unaacha bila hasara. Gemu la upelelezi linataka mtu aliyetulia. Ukiliacha wiki moja, hukumbuki tena nani alisema nini. Tena ni zito, linajaza simu. Fumbo ni jepesi, ila ukishalizoea linachosha.

Mteja aliyemtoa jasho ni baba mkwe wake.

Mzee Nsajigwa, mkulima wa mpunga wa Busale, alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa machache, akawa anashinda kageukia ukuta. Hospitalini waliambiwa wamtafutie cha kushughulisha akili, la sivyo angezidi kufifia. Ezekiel, mume wa Felista, akamnunulia baba yake simu janja. Kuchagua gemu akamwachia mkewe.

Kasheshe ni kwamba Felista hajawahi kuketi na mzee huyo. Katika ukoo wao mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Wakikaribia kukutana njiani, yeye hupisha migombani. Familia nyingi zimelegeza, yao bado.

“Heshima si utumwa,” anasema.

Kwa hiyo simu ilikwenda na kurudi kwa mkono wa mama mkwe, Maria, anayeleta ndizi mjini siku za soko. Felista alianza na gemu la upelelezi, lenye picha nyingi na maneno machache. Soko lililofuata simu ikarudi imefungwa kwenye kitambaa.

“Baba yenu amekasirika,” Maria alimwambia. “Gemu linamtuma aingie chumba cha mke wa mwanawe, apekue kitanda.”

Felista alikuwa amelicheza gemu hilo mpaka mwisho, na hilo halikumgutusha. Sasa aliona aibu.

“Kwangu kilikuwa chumba cha mtuhumiwa tu,” anasema. “Kwa baba ni nyumba ya mwanawe.”

Safari ya pili akampelekea fumbo la kupanga vipande vya picha, lisilohitaji bando na linalokubali picha za mwenyewe. Akaweka vyungu vya kijiji cha Ikombe, ng'ombe wao na shamba la mpunga. Mzee akapanga kwa mkono wa kushoto, na kila picha ilipokamilika akataja alichokiona. Maneno yakaanza kurudi.

Baadaye Felista aliongeza picha ya familia siku ya mavuno. Yeye alikuwamo, kasimama kando ya mumewe. Kwa adabu, akajikata kwenye picha.

Jumamosi iliyopita Maria alikuja akicheka. Kwenye simu picha imekamilika, na begani kwa Ezekiel umelala mkono usio na mwenyewe.

“Wiki nzima ananiuliza mkono huu wa nani, nami simwambii,” Maria alisema. “Jana kasema mwenyewe, polepole: ‘Ni wa mkwe wangu. Asijikate. Mwambie ndaga fijo.’”

Ndaga fijo ni ‘asante sana’ kwa Kinyakyusa, na hakuna aliyewahi kumletea Felista shukrani kutoka kwa mzee huyo. Anasema alilia mbele ya wateja.

Soko lijalo, Maria ataondoka na picha nzima.

“Njiani nitaendelea kumpisha,” anasema Felista. “Lakini kwenye picha nataka anipange mwenyewe, mpaka uso.”