Mawe Juu ya Waya

Miaka ile ya ujamaa, kijiji chetu chini kidogo ya Kilimatinde kilipata jenereta kabla zahanati yake haijapata hata viti. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika zahanati ile kwa mwanga wa koroboi, mkunga akipapasa, na hakuishi hata siku moja. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakiimba wakichimba mtaro wa waya, mimi nilikuwa nahesabu wiki. Nilitaka taa, basi.

Fundi wa umeme alilaza waya mnene wenye ganda jeusi juu ya mchanga, kisha akaniita mimi kwa kuwa nilijua kusoma.

"Binti, nafuata vifaa Manyoni. Mtaufunika waya kwa mchanga laini, shubiri moja, halafu matofali, halafu udongo, mshindilie. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kiburi cha mtu aliyekabidhiwa kazi.

Mchanga tulishausomba kwa ndoo kutoka korongoni. Tulipotaka kuumwaga, mama mkwe wangu akashika kiuno. "Mchanga? Fisi ataufukua hata hujafika nyumbani! Kitu cha thamani kinafunikwa kwa mawe."

Wanawake wote wakamuunga mkono, maana kwetu kaburi hulindwa hivyo. Na nani abishane na mama mkwe mbele za watu? Kusema kweli, hata mimi nilimwona ana akili kuliko fundi. Tukapanga mawe juu ya waya, tukayashindilia kwa miguu tukiimba, na mchanga tukaumwaga juu kabisa, kama urembo. Siku tamu ile! Vumbi hadi kwenye kope, makande ya sufuria moja, vicheko vya kuumiza mbavu. Natamani mpaka leo niirudie, pamoja na upumbavu wetu wote.

Fundi akarudi, akawasha jenereta. Taa ya zahanati haikuwaka. Akafukua kidogo, akakuta jiwe lenye ncha limepasua ganda la waya. Akasogea mbele, akakuta jingine.

"Nani kasema mawe?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumtaja mama mkwe, tena kwa sauti. Nikasema, "Ni mimi." Fundi alinigombeza mpaka machozi yakanitoka.

Hapo mama mkwe akafunga khanga yake vizuri, akashuka mtaroni. "Mwache mtoto wa watu. Ni mimi."

Tulitoa mawe siku tatu, fundi akiunga waya nyuma yetu na kununa. Mchanga mama mkwe aliuchekecha mwenyewe, kwa chekeche lake la unga, akikitukana kila kijiwe alichokiona. Nikamwambia, "Mama, pumzika."

Hakuinua uso. "Mjukuu wangu yule nilimfunika mawe kwa mikono hii. Nimezika wengi, mwanangu. Kufukia kitu ili kifanye kazi, ndiyo kwanza najifunza."

Nikakaa chini na tumbo langu, nikashika upande wa pili wa chekeche.

Taa iliwaka wiki moja kabla binti yangu hajazaliwa. Mama mkwe alimpokea kutoka kwa mkunga, akamsogeza chini ya balbu, akamkagua kidole kimoja kimoja. Mkunga alipotaka kuzima, akamwambia, "Subiri. Bado namwangalia."