Mwanangu Si Malipo

Nilimkuta mwanangu amelala mchangani, jua la saa sita likimwakia, na watoto wa darasa la kwanza wamemzunguka kwa mbali kama wanaotazama nyoka aliyeuawa. Mwalimu wao alikuwa amewazuia kwa fimbo. "Asimguse mtu! Povu hilo linaambukiza!" Povu lenyewe lilikuwa limeshakauka shavuni. Sketi imelowa. Kiatu kimoja hakipo.

Nikapiga magoti, nikamgeuza ubavu, nikamfuta. Mwalimu akasogea hatua mbili, si zaidi, akasema kwa ile sauti ya msibani:

"Pole, mama. Ila mtoto haokoti ugonjwa kama huu njiani. Jichunguze. Malipo ni hapa hapa duniani. Na kesho usimlete, anawatisha wenzake."

Miaka mitatu nilikuwa nameza maneno kama hayo. Siku hiyo yalinikwama. Nilimwambia, mbele ya watoto, kwamba kama ni malipo basi anichape mimi kwa hiyo fimbo, aache kumwanika mwanangu kama dagaa. Nikamwita mshenzi. Neno silijutii, najuta tu kwamba watoto walilisikia. Nikambeba mgongoni, ana miaka saba, miguu inaning'inia, tukaondoka.

Nyumbani nikachukua karatasi niandike malalamiko. Nimemaliza kidato cha nne, barua ya kiofisi naijua. Nikaandika YAH na nukta mbili. Kalamu ikagoma.

Kwa sababu mwalimu yule, bila kujua, alikuwa amegusa penyewe.

Nikiwa kidato cha pili, msichana wa dawati la mbele yangu alianguka mstarini asubuhi. Alikuwa na kifafa. Tulisimama mbali tukiogopa povu mpaka akaamka mwenyewe. Jioni, bwenini, nilijitupa sakafuni nikamwigiza: macho juu, mikono imepinda, mate kidevuni. Bweni zima lilicheka, nami nikarudia kwa waliokosa. Wiki mbili baadaye msichana yule alifunga sanduku lake akaenda kwao. Shuleni hakurudi tena.

Basi mwanangu alipoanguka mara ya kwanza, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hospitali. Kilikuwa ile sakafu ya bweni. Wenzangu wa rika langu wanaiita karma, wameipata kwenye simu. Bibi yangu alisema mtenda hutendewa. Mimi nilikubali. Dawa nilimpa kila siku, lakini watu walipomsema nilinyamaza kama mtu anayetumikia kifungo. Jirani akawakataza wanawe kula naye sahani moja: kimya. Mama mkwe akasema kwao ugonjwa huo haupo: kimya. Niliona ndiyo stahili yangu. Sikuona kwamba kila niliponyamaza, aliyeumia hakuwa mimi.

Kesho yake nikamwacha mtoto kwa mama yangu, nikapanda treni kwenda Kigwa. Nilishasikia kwamba yule msichana niliyemwigiza ameolewa huko. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana kwa kovu la moto. Alinitazama, kisu mkononi.

"Ee! Msanii wa bweni. Leo umekuja kuigiza nini?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Nikamwomba anisamehe ili mwanangu apone.

Akaweka kisu chini. "Subiri kwanza. Kwa hiyo mimi ndiye nimemtumia mwanao kifafa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Mimi nilikuwa namwombaga Mungu nipate dawa, sio wewe upate mtoto mgonjwa. Unaniona mchawi? Na mimi nilianza kuanguka nina miaka sita. Nilikuwa nalipia nini? Nilimcheka nani?"

Akaninyooshea kidole.

"Halafu uliigiza vibaya. Niliambiwa ulipinda mikono yote miwili. Mimi napindaga mmoja."

Akacheka yeye kwanza. Mimi nilicheka huku nalia. Kisha akauinua ule mkono.

"Hapa niliangukia jikoni. Mawifi zangu walikuwepo, watatu. Waliogopa povu. Si watu wabaya. Walisimama tu." Akarudi kwenye viazi. "Kusamehe, nimekusamehe. Ila kama unataka kulipa, usilipe kwa mgongo wa mtoto. Chukua kisu, tumalize hili beseni."

Nilikata viazi mpaka jua likageuka. Babu alizoea kutuambia kwamba kwenye misafara ya zamani ya kwenda pwani, kila mpagazi alikuwa na mzigo wake. Mtoto aliyefuatana na baba yake alibebeshwa mkeka au chungu, si pembe ya ndovu. Mimi wangu nilikuwa nimemtwisha pembe.

Malipo yapo, sijaacha kuamini. Lakini kicheko changu hakikuruka kikaingia kichwani mwa mwanangu. Kilibaki kwa wale niliowafundisha siku ile kwamba mtu akianguka, unasimama mbali na kucheka. Huenda mmoja wao leo ni mwalimu.

Jumatatu nikampelekea mwalimu mkuu barua yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala.

"Mama, haya si tungeyamaliza kwa mazungumzo?"

"Tutazungumza, mwalimu. Gonga kwanza."

Akagonga. Nilichoandika ni hiki:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA DARASA LA KWANZA KUMWACHA MWANANGU JUANI BAADA YA KUANGUKA KIFAFA, NA KUMZUIA KUJA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwalimu huyo alizuia wanafunzi kumsaidia mwenzao kwa madai kwamba povu linaambukiza. Si kweli. Naomba aliseme hilo mwenyewe mstarini, mbele ya wanafunzi wale wale.

Naomba walimu wote waelekezwe namna ya kumgeuza ubavu mtu aliyeanguka na kumwondolea vitu vya kumuumiza. Niko tayari kuja kuonyesha.

Nakiri kwamba mimi, nikiwa mwanafunzi, nilimcheka mwenzangu mwenye ugonjwa huu. Kosa hilo ni langu. Lisitumike kumnyima mwanangu masomo.

Mwanafunzi atakuwepo mstarini kesho asubuhi. Nami nitakuwepo.